Goti la Limi

Jumamosi. Asubuhi ilinyesha, ikakatika kabla ya saa nne, na jua likatoka kali kama limetumwa na mtu. Gugumaji limeufunika ufukwe wa ziwa tena mpaka maji hayaonekani, ungedhani ni shamba la mkulima mvivu. Kila siku nalitukana. Leo nimelisamehe.

Nimekaa mlangoni naandika mwanga ungalipo. Bega la kulia linauma, mwandiko unatambaa kama konokono. Atakayeusoma avumilie, asiyeweza aache.

Wanawake wa hapa Kirumba hawachoki kuniuliza napata nini kwa kuwafundisha wasichana kuchezeana fimbo. Mtu wa umri wako, wanasema, angekaa kivulini akasuka mkeka. Mkeka nimesuka tangu meno ya utoto hayajang'oka. Mkeka haujawahi kunishangaza hata siku moja.

Leo nimeshangazwa.

Lakini nianze kwa mpangilio, maana mwakani nikisoma haya mimi mwenyewe nitakuwa nimesahau nani ni nani.

Chanzo cha yote ni Mwanahawa. Huyu ni mtu wa Tanga, alikuja huku akimfuata mumewe wa reli, na tangu ilipokuja ruksa ya kuingiza nguo za nje anauza mitumba karibu na soko. Robota la mitumba unalinunua kama mtu anavyooa kwa picha. Unalipa kwanza, halafu nyumbani ndiyo unajua umeleta nini. Siku moja Mwanahawa alikata kamba za robota aliloambiwa ni blauzi za kike, akakuta makoti meupe mazito yenye mkanda wa kupitisha katikati ya miguu, na kofia za ajabu zenye wavu wa chuma mbele, zinafunika uso mzima mpaka kidevuni. Alilia kama aliyefiwa.

Makoti yalipata wateja, wauza nyama waliyachukua wakakata ile mikanda. Kofia hakuna aliyezitaka. Mmoja alisema ni za kurinia asali. Mwingine alichukua moja kufunikia sangara inzi wasitue, akairudisha kesho yake akidai inzi wanapita.

Aliyetufumbua macho ni Mzee Kanji, yule mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Alipita, akaiona kofia, akacheka mpaka akashika nguzo. Akatueleza kwamba hizo ni za mchezo wa vitara, aliuona ujanani alipopelekwa kusoma ng'ambo. Watu wawili wanasimama wanatazamana, kila mmoja ana kitara chembamba kama ufito, ncha yake butu. Kazi ni kumgusa mwenzako kabla hajakugusa. Si kupiga. Kugusa tu, na kofia ni kwa ajili ya kulinda macho.

Nikamwambia Mzee Kanji, huo mchezo sisi kule Kisesa tulikuwa nao, tulichokosa ni kofia. Mimi nilichunga. Baba yangu hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo ng'ombe walikuwa wangu, na machungani ukicheza fimbo vibaya unakwenda nyumbani na nundu. Kovu la nyusi yangu ni la huko. Na kama kofia hizi zingekuwapo zamani, binamu yangu angekuwa anaona kwa macho mawili hadi leo.

Basi Mwanahawa akaniachia zile kofia kwa kuwa zilimjazia banda. Nikakata fimbo za mpera, nikazivisha ncha kwa vipande vya ndala kuukuu ili zisitoboe mtu. Jumamosi alasiri nikawa nakwenda kwenye mchanga nyuma ya mawe na wasichana wanaouza dagaa na mapanki, ile mifupa ya sangara ya kukaanga. Walikuja kwa kucheka, wakidhani bibi amepata wazimu. Waliobaki ni wale walioacha kucheka.

Naandika kweli tupu, kufundisha mtu asiyejua kitu ni kazi ya kukupandisha presha. Unamwambia mguu wa mbele, analeta wa nyuma. Unamwambia tazama fimbo, anatazama ziwa. Nimewaita mbuzi, nimewaita magunia, nimemuuliza mmoja kama miguu ile aliazima. Lakini mimi nawapenda hao hao wasiojua. Anayejua kidogo atabishana na wewe mpaka jua lizame. Asiyejua anakutazama kwa macho ya ndama, Jumamosi hii anakutazama, Jumamosi ijayo anakutazama, halafu siku moja unaona kabisa kitu kinaingia kichwani mwake, kama unavyoona maji yanavyoshuka kwenye mchanga. Wewe ndiye uliyekuwepo. Hakuna mwingine aliyeona.

Hicho ndicho ninachopata. Wakiniuliza tena nitawaambia wasome hapa, wale wanaojua kusoma.

Sasa Limi.

Limi ni msichana wa Misungwi, alimaliza darasa la saba akaletwa mjini kwa shangazi yake, anauza mapanki. Ni mrefu, ana mikono mirefu, Mungu alimpa kila kitu cha kuchezea fimbo akasahau kumpa ujasiri. Vijana wahuni pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, walikuwa wanachukua mapanki kwenye beseni lake mchana kweupe, wanatembea wanatafuna, na yeye anatazama chini kama ndiye aliyeiba. Shangazi yake ndiye aliyemleta kwangu. Hakutaka awe bondia, alisema, anataka tu ainue uso.

Siku za kwanza alifumba macho. Nikinyanyua fimbo, yeye anafumba. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka, haikusaidia. Kilichomsaidia ni ile kofia, na hilo sikulijua mapema. Mtoto wa kike kwetu anafundishwa asimkodolee mtu mzima macho. Ukimtazama mkubwa usoni wewe huna adabu, mama yako hakukulea. Lakini ndani ya wavu nani anajua unatazama wapi? Limi alipozoea kofia, alianza kunitazama. Mimi simwoni macho, lakini fimbo yake ikaanza kufika ilipo yangu kwa wakati. Akajua kujikinga. Akajua kujikinga vizuri sana, hata mimi niliyechunga ng'ombe nikawa nashindwa kupita.

Tatizo likabaki moja. Kugusa hawezi.

Na sababu yake ni malezi mema, nitamlaumu nani? Kila akitaka kunigusa, kwanza goti linashuka, kama anavyomsalimia mkubwa, halafu anasema, "Samahani bibi," ndipo fimbo inakuja. Mimi nimeshasogea, nimeshapiga chafya, nimeshafunga kanga yangu upya, fimbo ya Limi bado iko njiani inaomba radhi. Nilimwambia, mjukuu wangu, goti lako linakusema. Likishuka tu, hata kipofu anajua unakuja. Akajibu, ndiyo bibi, na goti likashuka.

Wasichana wengine wote wamenigusa, tena wengine kwa raha zao. Limi, hata mara moja.

Leo alasiri tulikuwa katikati ya mazoezi. Nimesimama juu ya jiwe nawapigia kelele kama kawaida yangu. Neno langu kubwa ni moja, mtu akivutwa na mwenzake akatoka pale alipopaswa kusimama, namwambia arudi mahali pake, alinde mahali pake. Sasa mimi ni Msukuma. Kwa kalamu naijua L na naijua R, mwalimu wa kisomo cha watu wazima alihakikisha. Kwa ulimi zinatoka zinavyotaka zenyewe. Kwa hiyo ufukwe mzima ulikuwa unasikia bibi akipaza sauti, "Mahari! Rinda mahari!"

Nikaona mwanamume amesimama kwenye njia, ana mfuko begani na fimbo ya kuchungia, anatusikiliza. Limi alipomwona akavua kofia, akaenda akapiga goti mpaka chini. Ni baba yake, Mzee Masanja, ametoka Misungwi.

Alinisalimia, hilo silikatai, lakini shikamoo yake ilikuwa kavu kama muhogo wa juzi. Kisha akasema yaliyomleta.

"Mama, huko kwetu habari imefika kwamba kuna bibi mjini anawakusanya mabinti na kuwafundisha walinde mahari yao wenyewe. Nikasema ni uongo wa watu. Nimekuja, nimesikia kwa masikio yangu."

Nikamuuliza mahari gani. Akaniambia hiyo hiyo ninayoipigia kelele. Nikamwambia mimi sijataja mahari, mimi nimesema mahari. Akasema ndiyo, umesema mahari. Tukawa tunarushiana neno moja kama wajinga wawili, kila mmoja ameshika upande wake na upande ni ule ule, maana ulimi wake yeye ni kama wangu.

Mwanahawa, aliyekuja kutuchungulia baada ya kufunga biashara, alikuwa amekaa mchangani machozi yanamtoka kwa kucheka. Akashindwa kabisa kujizuia.

"Mzee wangu, bibi anasema mahali. Hapa tuliposimama, mahali. Nyinyi Wasukuma mtauana siku moja kwa herufi."

Wasichana wakaangua kicheko, ila Limi. Mzee Masanja, naona, aliligeuzageuza lile neno mdomoni. Halafu akasema haya, kama ni mahali basi ni mahali. Lakini hakulainika. Alinieleza kwa utulivu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mtu anayepiga kelele unaweza kumjibu. Binti yake ana wachumba, watu wa heshima, wanakuja mwezi ujao kuzungumza. Watu hao wakisikia mtoto anapigana fimbo na vikongwe ufukweni watasema hana adabu. Kwa hiyo anarudi naye nyumbani jioni hii hii, aende akafungashe.

Nikamtazama Limi. Alikuwa anatazama miguu yake. Miezi yote ile, kofia, fimbo, makelele yangu, na shingo imerudi kule kule alikotoka nayo Misungwi. Nilisikia uchungu wa kweli, naandika bila aibu. Na nilijua akienda leo, wazazi wengine watawafuata wa kwao, na mimi nitarudi kwenye mkeka.

Kupiga magoti kuomba siwezi. Nilimwambia Masanja kwamba mchungaji hauzi ng'ombe bila kumwangalia meno. Atazame kwanza mtoto wake amefundishwa nini, halafu achukue. Alitazama jua, akasema haya, kidogo tu.

Tukavaa kofia, mimi na Limi. Nilimshambulia kwa nguvu zangu zote, na mimi zangu hazijaisha kama watu wanavyodhani. Juu, akazuia. Ubavuni, akazuia. Nikamzunguka, akazunguka nami, miguu inakwenda kama nilivyomwonyesha, hakutoka mahali pake hata hatua. Nilikuwa nahema na ninacheka ndani ya wavu, nani ataniona?

Masanja hakuvutiwa. Yeye mwenyewe ni wa machungani, fimbo anaijua.

"Anajikinga tu," alisema. "Hata kuku anajikinga. Twende mwanangu, gari litatuacha."

Limi akasimama. Fimbo ikashuka. Nikaona amenigeukia mimi, na goti lile likaanza kushuka, lile lile la kila siku, taratibu, na kichwa kikainama. Nikasema moyoni, basi, sasa ananiaga, ataomba samahani na ataondoka. Nikaishusha fimbo yangu ili nipokee salamu kama mtu mzima.

Goti likafika chini. Mkono ukatoka.

Pah! Bega la kulia.

Jamani. Sikuiona kabisa. Mkono ule mrefu ulinyooka kutoka chini, mguu mmoja mbele umekunjwa, mwingine nyuma umenyooka kama uzi, kitu ambacho mimi sijawahi kumfundisha mtu kwa sababu mimi mwenyewe sikijui. Na kwa kuwa kichwani mwangu ilikuwa ni salamu, mdomo wangu ukajibu wenyewe kabla sijauzuia.

"Marahaba."

Ufukwe wote ulisikia. Mwanahawa alianguka kifudifudi kwenye mchanga. Wasichana wakapiga vigelegele, mmoja akaivika fimbo kanga akaizungusha juu kama bendera. Limi alikuwa bado chini vile vile, fimbo imenigusa, hajui aiondoe au aiache. Akaanza, "Sama..." nikamwambia akilitamka neno hilo nitamchapa kweli.

Nikamvua kofia. Nikamuuliza lile goti lilikuwa la nini. Nilitaka kujua kama ni bahati au ni akili, maana bahati nafurahi siku moja na akili nafurahi mwaka mzima.

Akasema kwa sauti ndogo, lakini alinitazama usoni, bila wavu, mbele ya baba yake.

"Bibi, ulisema goti langu linanisema. Nikaona basi liseme uongo."

Nimefundisha watu wangapi katika maisha yangu? Kulima, kupika, kunyonyesha, kuswaga ng'ombe. Hakuna aliyewahi kuchukua kosa nililomgombezea akanipigia nalo. Huyu mtoto nilimwambia aache kupiga goti, na bahati nzuri alikuwa mkaidi kuliko nilivyodhani.

Tukamgeukia Masanja. Alikuwa ameinamia fimbo yake, mabega yanatetemeka. Nilidhani ni hasira. Alipoinua uso nikaona anacheka, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka, kinamtoka puani. Akajifuta macho kwa kiganja. Akasema machungani wangemwita Limi nyoka. Niliona amelisema kwa fahari, kama mtu anayetaja ng'ombe wake mzuri.

Kisha akawa baba tena. Akamuuliza, mbele yetu sote, anataka nini. Nafikiri hajawahi kumuuliza swali hilo tangu azaliwe, na Limi naona hakujua kama lina jibu. Nilijikaza nisimsemee, na mnanijua, kunyamaza kwangu ni ugonjwa.

"Nataka kukaa, baba."

Hakusema samahani kwanza. Niliangalia.

Masanja aliutengeneza mfuko wake begani, akachukua muda wake, wanaume hupenda tusubiri. Mwisho akasema, "Basi kaa. Lakini wakwe wakija, goti liwe la kweli."

Limi akaitikia, na akapiga goti kumuaga. Baba yake alirudi hatua moja nyuma kwanza. Tulicheka mpaka wavuvi kule majini wakasimama kwenye mitumbwi kututazama.

Alipokwenda nilirudi juu ya jiwe langu, nikawauliza wale mbuzi kama wamekuja harusini au mazoezini. Nikamwita Limi aje anionyeshe lile goti polepole, nilione vizuri, ili na wengine wajifunze. Alinionyesha. Nikajaribu. Kushuka nilishuka. Kunyanyuka waliniinua wawili, na niliwatukana wote wawili kwa kunishika vibaya.

Kwa hiyo sasa ninafundishwa. Uzee huu. Nikifikiri, sijui kama kuna malipo mengine mwalimu anaweza kudai yakazidi hayo, na hata kama yapo, wasiniletee, sina pa kuyaweka.

Giza linaingia, mbu wameanza kunihesabu. Bega limevimba kama andazi, nimelikanda kwa maji ya chumvi, limezidi kuvimba. Mkono wa kulia haupandi juu ya kiuno. Kesho kanisani tutakapofika kwenye kupeana amani nitatoa wa kushoto, na atakayenuna na anune.